Kumwita Mkata Miti Tabora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwangu Ipuli, hapa Tabora mjini, kuna miembe mitatu, mwarobaini mmoja na mjohoro uliojiotea wenyewe kwenye kona ya uzio. Kwa miaka kumi na moja nimeita wakata miti mara nyingi: wengine wazuri kweli, wengine nimewalipa ili waondoke tu. Majirani wanalijua hilo. Ikifika Septemba, upepo ukianza kuvuma na matawi kugonga bati usiku, simu yangu haitulii. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, nikayajibu kama ninavyowajibu wanaosimama getini. Mengine yamewakuta watu wa Cheyo, Isevya na Ng'ambo, nao wakanisimulia.

Mkata miti anapatikana wapi?

Usitafute ofisi yenye kibao. Anza na wapasua mbao na wauza kuni wa mtaani kwako, kwa sababu hao wanajua nani ana mashine na nani anapanda. Utakutana na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni kijana wa deiwaka mwenye panga na miguu mepesi, anapanda peku kama anakwenda kuchuma embe. Huyo anafaa kwa matawi ya unene wa mkono, basi. Wa pili ana msumeno wa mnyororo, cheni soo kama wanavyoiita wenyewe, na kwa kawaida anakuja na msaidizi wa kushika kamba. Wa tatu ni muuza kuni anayekuambia atakukatia bure, yeye achukue kuni. Huyu wa tatu ndiye ghali kuliko wote, na nitaeleza huko mbele.

Kipimo changu ni kimoja. Namkaribisha, namwambia, "Fundi, huu hapa mti," kisha nanyamaza. Fundi wa kweli hatasema bei. Atauzunguka mti taratibu, atainua shingo, halafu ataangalia chini: bati liko wapi, waya uko wapi, choo kiko wapi, tawi likitoka litatua wapi. Wengine hugonga shina kwa mpini wa panga, wakasikiliza kama mchwa wamelifanya tupu ndani. Anayetaja bei akiwa bado amekaa juu ya pikipiki, namshukuru na kumtakia safari njema.

Jambo la pili, muulize ni nyumba gani aliyofanya kazi mwaka jana, uende ukaangalie mti wenyewe. Mti uliokatwa jana unapendeza kila mara. Wa mwaka jana ndio unaosema kama aliyeukata alikuwa fundi.

Bei ni kiasi gani?

Swali la kwanza kwa kila mtu, na ndilo gumu kulijibu, maana bei haifuati ukubwa wa mti peke yake. Mwembe mkubwa ulio katikati ya uwanja mtupu ni kazi ya asubuhi. Mwembe wa wastani ulioegemea bati, tangi la maji na dishi la king'amuzi ni kutwa nzima, kwa sababu kila tawi linafungwa kamba na kushushwa pole pole badala ya kuachiwa lidondoke.

Mara ya mwisho nililipa shilingi 120,000 kwa mwembe unaofunika nusu ya paa langu: watu watatu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa, matawi yametolewa nje na uwanja umefagiliwa. Mwarobaini wa pembeni, usio na kitu chini yake, kijana mmoja aliupunguza kwa 25,000 na chai. Kwako inaweza kuwa zaidi au pungufu. Ninachosisitiza ni kupatana kwa kazi, si kwa siku. Ukimlipa mtu kwa siku, mti wa siku moja unakuwa wa siku mbili.

Mafuta ya mashine yawe ndani ya bei. Nimewahi kupatana 80,000, saa nne asubuhi nikaambiwa petroli imeisha, saa saba mnyororo umekuwa butu, saa nane "mzee, hata maji ya kunywa hatujapata". Nilimaliza siku nimetoa karibu laki moja na thelathini, na tawi moja bado lilikuwa linaning'inia.

Kuni ni za nani?

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Bei mnapatana mkiwa mmeangalia juu, lakini mnagombana kwa kilichoko chini.

Jirani yangu mmoja alipatana vizuri na fundi kupunguza mjohoro. Kazi ikaenda sawa. Jioni fundi akaleta mkokoteni, akaanza kupakia magogo. Mwenye nyumba akasema, "Hizo kuni zangu, mama anazisubiri jikoni." Fundi akasema kila mahali alikofanya kazi kuni ni zake, ndiyo maana alipunguza bei. Wote wawili walikuwa wanasema kweli kwa upande wao. Hawakuwa wamelizungumza, basi. Mwenyekiti wa mtaa alikuja saa mbili usiku kugawa magogo kwa tochi ya simu.

Mjohoro na mwarobaini zinatoa kuni nzuri, na matawi ya mwarobaini yaliyonyooka yanafaa kwa nguzo za banda. Kwa hiyo zina thamani, na thamani hiyo itajwe mwanzoni: kuni zangu na bei hii, au kuni zako na bei ile. Majani na vijiti vidogo havigombaniwi na mtu, na ndiyo maana huachwa vimeziba geti. Navyo vitajwe.

Sasa yule wa "nakukatia bure". Hesabu yake ni magogo, kwa hiyo jicho lake liko kwenye matawi manene. Tawi jembamba linalogusa bati, ambalo ndilo lililokufanya umwite, halimpi kitu. Mama mmoja wa Isevya alimwacha mtu wa namna hiyo peke yake kwa saa mbili, akaenda sokoni. Aliporudi alikuta mzambarau umebaki nguzo tupu, na kale katawi ka juu ya bati bado kapo.

Usikubali tanuru la mkaa lichomwe uwanjani kwako kwa matawi hayo. Moshi wake utakukosanisha na mtaa mzima kwa siku tatu, na kusafirisha mkaa bila kibali na hati ya mazao ya misitu ni kesi itakayoulizwa ilianzia nyumba gani.

Msimu gani mzuri wa kukata?

Inategemea mti unautakia nini.

Mwembe huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Kwetu maua huanza kuonekana katikati ya kiangazi, na embe zinaiva kuanzia Novemba. Ukiukata mwembe Mei au Juni, umeondoa ncha zile zile zilizojiandaa kuchanua, na mwaka huo utakula embe za jirani. Wakati wake ni mara tu baada ya kuvuna, Januari au Februari, mvua ikiwa bado ipo: unachipua upya, na machipukizi yanapata miezi ya kukomaa kabla ya maua. Tatizo ni kwamba shina lililolowa linateleza kama sabuni. Subiri siku mbili tatu za jua, na fundi akisema leo hapandi, usimlazimishe.

Miti ya kivuli, kama mwarobaini, mjohoro na mkungu, ipunguze kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Mvua ya kwanza Tabora huja na upepo, na tawi lenye ufa halivuki siku hiyo.

Tawi lililokauka halina msimu. Likionekana tu, litolewe.

Fundi anasema dawa ni kukata kichwa chote cha mti. Ni kweli?

Hapana. Hili ndilo kosa linaloonekana kila mtaa, na mimi mwenyewe nililifanya kwa mwembe wangu wa kwanza. Mti unakatwa usawa mmoja juu, unabaki kama ngumi iliyoinuliwa. Mwaka wa kwanza unaridhika, jua linaingia, paa liko wazi. Kisha pale palipokatwa yanatoka machipukizi kumi au ishirini kwa mkupuo, yananyooka juu kama fimbo. Hayakuanzia ndani ya mti kama tawi la kawaida, yameshikilia ngozi tu. Baada ya miaka mitatu yana unene wa paja, na upepo wa kwanza unayang'oa. Huku nyuma vile vidonda vipana vimeingiza maji, vimeoza, mchwa wamepata mlango.

Kazi nzuri haionekani sana. Matawi makavu yanatolewa, yanayosuguana linaachwa moja, yanayokwenda kwenye bati yanafupishwa hadi pale palipo na tawi dogo la kupokea uhai. Kwa mara moja usitoe zaidi ya robo ya majani. Kama mti ni mkubwa mno, ushushe kwa misimu miwili au mitatu.

Na tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja. Nitaeleza nilivyoona fundi mmoja mzee akifanya, kwa sababu ukishaliona hili utajua nani anajua. Alijifunga kamba kiunoni, akaizungusha kwenye shina juu yake. Alipofika kwenye tawi, aliweka msumeno chini ya tawi, si juu, kama hatua moja kutoka shinani, akakata kuelekea juu theluthi moja tu, akatoa. Akasogea nje kidogo, akakata kutoka juu. Tawi likaitika, likavunjika safi, likaning'inia kwenye kamba, msaidizi akalishusha. Kikabaki kipande kifupi. Hapo ndipo akasogea kwenye shina, akatafuta ile mikunjo ya gome iliyovimba pale tawi linapozaliwa, yeye alikuwa anaiita shingo, akakata nje ya shingo, bila kuigusa na bila kuacha kigingi. "Shingo ndiyo inayofunga kidonda," akasema, akapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi.

Anayekata kwa mkato mmoja kutoka juu, tawi likifika nusu linajivunja kwa uzito wake na kuchuna gome hadi chini ya shina. Na uzito wenyewe si wa mchezo: tawi bichi la unene wa sentimita 20 na urefu wa mita 4 linakaribia kilo 100, majani hujayahesabu.

Kidonda nikipake rangi au oili chafu?

Usipake. Mti unajifunga wenyewe kuanzia kwenye shingo, na oili inaharibu gome zima la pembeni. Chokaa ni jambo jingine: mwembe uliopunguzwa sana, matawi yake ya ndani huungua na jua, na chokaa nyeupe juu ya matawi hayo inasaidia.

Kuna nyuki kwenye mti. Fundi amekimbia.

Amefanya la maana. Huu ni mkoa wa asali, kuanzia Sikonge mpaka Urambo, na nyuki wetu hawangoji uwachokoze mara mbili. Mti wenye tundu ni nyumba kwao, na mlio wa cheni soo pamoja na mtikisiko wake ndivyo vitu wanavyovichukia kuliko vyote.

Kwanza jua ni nyuki wa namna gani. Kama ni bonge linaloning'inia wazi kwenye tawi, bila masega, huenda ni kundi lililo safarini, limepumzika. Liache siku mbili tatu, mara nyingi linaondoka. Kama wanaingia na kutoka kwenye tundu la shina kila siku, hao wamehamia, na kuwatoa ni kazi ya mrina asali, si ya mkata miti. Mrina anakuja jioni giza likishaingia, na moshi na mavazi yake, na kama tundu linafikika anaweza kuwahamishia kwenye mzinga. Usikose kuulizia pia Chuo cha Ufugaji Nyuki hapa hapa mjini, wapo watu wanaojua jambo hili kwa kulisomea.

Usimwage petroli. Usiwashe moto kwenye tundu. Kuna nyumba Ng'ambo walifanya hivyo mchana wa saa nane. Mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa kambani hawakupona, na bodaboda aliyekuwa anapita aliacha pikipiki ikinguruma katikati ya njia. Wakishaanza kushambulia, kimbia moja kwa moja uingie ndani ufunge mlango, bila kupunga mikono. Aliyedungwa mara nyingi, au anayevimba uso na kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe, hawaui mtu. Ila nimemwona fundi wa miaka ishirini kazini akishuka mti mzima kwa dakika moja kwa ajili yao, akivua shati njiani.

Matawi yanagusa waya wa umeme. Fundi anasema atakuwa mwangalifu.

Mwambie asipande. Nenda TANESCO utoe taarifa, ueleze nguzo ilipo. Wao ndio wenye kazi ya kusafisha njia za nyaya, na wao ndio wanaoweza kuzima. Watakapokuja ni habari nyingine, unaweza kwenda mara mbili au tatu, lakini nenda.

Watu wanadhani hatari ni kuugusa waya. Tawi bichi limejaa maji, linapitisha umeme. Ngazi ya bati au ya alumini inapitisha. Panga linapitisha. Hata waya unaoingia nyumbani, ule wa volti 230 tunaouona kama kitu kidogo, unaua, hasa kama plastiki yake imekwisha kwa jua. Na nyaya za juu za msongo wa kilovoti 11 au 33 hazihitaji hata uziguse, kuzikaribia kunatosha.

Kuna fundi atakayekuambia, "Mzee, zima swichi kubwa ya ndani tu." Swichi ya ndani inazima nyumba yako. Waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita bado una moto vile vile.

Tawi limeanguka likavunja bati. Nani analipa?

Analipa yule mliyekubaliana alipe. Kama hamkukubaliana, utalipa wewe.

Nilijifunza hivyo. Kijana niliyempata njiani, mwenye maneno matamu, aliachia tawi la mwembe likiwa halijafungwa kamba. Lilizunguka hewani kama mlango unaofungwa na upepo, kitako chake kikatua kwenye kona ya paa. Mabati mawili yalipasuka, mbao moja ya kenchi ikakatika, na chumba cha watoto kikaona anga. Kijana aliteremka, akaangalia juu, akasema anakwenda kumleta fundi wa bati ambaye ni shemeji yake. Sijamwona tena hadi leo, na kianzio changu alikuwa nacho.

Tangu siku hiyo ninaandika karatasi. Haina haja ya mwanasheria, ni mistari mitano kwenye daftari la mtoto: mti gani, matawi yapi, bei na kianzio, kuni za nani, kikivunjika kitu nani anarekebisha. Tunatia saini wote wawili, na balozi wa nyumba kumi au jirani anashuhudia. Wapo mafundi waliokataa kusaini. Nimewasindikiza hadi getini kwa heshima zote.

Matawi yenyewe nayatia alama kwa chokaa, tukiuzunguka mti pamoja: hili linaondoka, hili linafupishwa, hili usiliguse. Yaliyo juu sana nayaonyesha kwa mwanzi mrefu. Inachukua robo saa. Ugomvi wote niliousikia kwa majirani ungeishia ndani ya robo saa hiyo.

Na akianguka yeye?

Hili watu hawapendi kuliuliza, wanaogopa kuliita. Lakini mtu akivunjika mgongo uwanjani kwako, hutasema "alikuwa kibarua tu". Utampakia kwenye bajaji umkimbize hospitali ya Kitete, na ndugu zake watakuja kwako kabla hawajakwenda kwake.

Kwa hiyo angalia mambo machache kabla hajapanda. Kamba iwe nzima, ya nailoni nene au katani isiyochakaa, si vipande vilivyoungwa. Awe na buti na kitu cha kukinga macho. Cheni soo haishikwi kwa mkono mmoja mtu akiwa amening'inia, wala haitumiki juu ya kichwa. Asifanye kazi peke yake. Asiwe amekunywa, na kwa hili nusa tu, usione haya: asubuhi ya saa moja kuna watu wameshapitia kwa mama wa gongo. Watoto, kuku na wapita njia watolewe mbali, umbali wa urefu wa mti na zaidi kidogo. Waliokuja kushangaa nao pia, na mtaani kwetu hao ni wengi kuliko kuku.

Matawi ya jirani yameingia kwangu. Naweza kuyakata tu?

Mpigie hodi kwanza. Mti una mwenyewe hata kama kivuli chake kiko kwako. Wengi watakubali ukilipia wewe, au mkichangia, na wakikuona umekuja kwa salamu. Ukiamka asubuhi ukaingiza cheni soo, hata kama haki ni yako, umenunua uadui wa miaka. Akikataa na tawi ni la hatari, mwende kwa balozi, kisha mwenyekiti wa mtaa, na ikishindikana baraza la kata lisuluhishe. Piga picha ya tawi lilivyokaa kabla ya kwenda.

Embe zinazodondoka upande wako? Kwetu zinaliwa na watoto, na hakuna anayeuliza.

Nahitaji kibali?

Kupunguza matawi ya mti wako ndani ya uzio wako, sijamwona mtu aliyesumbuliwa. Kuangusha mti mzima ni vema upite kwa mtendaji wa mtaa, naye atakuelekeza kwa afisa misitu au mazingira wa manispaa kama inabidi. Mambo matatu uwe nayo macho.

Mti ulio nje ya uzio, kwenye hifadhi ya barabara, si wako hata kama mche uliununua wewe. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA na barabara kuu chini ya TANROADS.

Mti wa asili wenye thamani, mfano mninga uliobaki kiwanjani tangu pori lilipofyekwa, usiangushwe wala kupasuliwa mbao bila kuuliza watu wa misitu. Kuwa kwenye kiwanja chako hakutoshi.

Na ile miembe mikongwe ya upande wa Kwihara na kando ya njia za zamani. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na miembe ndiyo iliyobaki kuonyesha ilikopita. Njia hiyo iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2006. Nimewahi kuulizwa na mtu aliyenunua kiwanja chenye mwembe wa namna hiyo kama fundi wa 60,000 anaweza kuumaliza kwa siku moja. Anaweza. Ndiyo maana nilimwomba apite kwanza kwa watu wa makumbusho ya tembe la Livingstone.

Uzio wangu ni wa minyaa. Nimpe fundi huyo huyo?

Mpe, ila akija na panga bila miwani mrudishe. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni unaunguza vibaya na unaweza kumpofusha mtu. Ukimwingia, aoshe jicho kwa maji mengi safi kwa robo saa nzima, kisha hospitali. Asiweke maziwa wala dawa ya mtaani. Utomvu wa mwembe ni mpole kuliko huo, lakini nao unachubua ngozi, shati la mikono mirefu linatosha.

Nimeukata mti wote. Kisiki kinachipua tena.

Mwarobaini, mjohoro na mkaratusi ndiyo tabia yao. Vunja machipukizi yakiwa laini, kila wiki mbili, mpaka kisiki kichoke, au chimba ung'oe. Mvinje ukikatwa chini kwa kawaida hauchipui.

Kama ni mwembe, usiharakishe kuung'oa. Machipukizi yake yanaweza kubebeshwa aina nyingine. Mwembe wangu wa pili ulikuwa unatoa embe zenye nyuzi kama kamba ya katani, leo unatoa dodo. Watu wa kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Tumbi, wanalijua jambo hilo vizuri.

Kumbuka pia kwamba kupunguza matawi hakuzuii mizizi kupasua karo. Ukipanda mti, upande mbali.

Niko Kigoma, na tatizo langu ni mchikichi.

Mchikichi haupunguzwi kama mwembe. Una kichwa kimoja tu cha kukua, ukikikata umeuua. Kinachofanyika ni kusafisha makuti makavu na mikungu iliyooza, na mengine ya kijani yaachwe. Huko kwenu hamna shida ya mafundi: anayepanda kila wiki kuangua mikungu ya chikichi, akiwa na kamba yake kiunoni, anajua kuliko mwenye cheni soo yeyote wa Tabora. Mwite huyo. Mwambie tu miiba ya makuti asiiache njiani.

Nimlipe lini?

Kianzio kisizidi theluthi moja, cha mafuta na chakula. Kilichobaki kinatoka mkononi mwako baada ya kuuzunguka mti mara ya pili, mkiwa na ile karatasi. Angalia juu kwa utulivu: tawi lililokatwa likakwama juu ya mengine ni kifo kinachosubiri upepo, na mafundi waliochoka huliacha makusudi. Angalia bati, angalia tangi, fungua bomba uone maji yanatoka. Halafu hesabu vifaa vyake pamoja naye. Fundi wa mwaka juzi alisahau panga lake juu ya mwembe wangu, limekwama kwenye panda la tatu, na mpaka sasa kila upepo ukivuma usiku nalisikia likigonga.